Hodi, Nimekuja Kuona Dawa: Mwongozo Kamili wa Ziara ya Mfamasia Nyumbani kwa Mgonjwa Kijijini

Ziara nyingi za dawa majumbani huishia kwenye swali moja: “Dawa unameza?” Mgonjwa anaitikia kwamba anameza, mgeni anatia alama ya vema kwenye fomu, wanaagana. Wiki tatu baadaye mgonjwa yuleyule anapakiwa kwenye bodaboda kukimbizwa zahanati, presha imegonga 200, na vidonge viko palepale dirishani.

Mwongozo huu ni wa wafamasia, mafundi dawa sanifu na watoa dawa wa Maduka ya Dawa Muhimu (DLDM) wanaofuatilia wagonjwa wa presha, kisukari, TB na VVU katika vijiji vya Tanzania ambako hospitali ya wilaya ni mbali na zahanati ina wahudumu wa kuhesabika. Kazi ya ziara ni kuziona dawa, kuzihesabu, kujua zinakaa wapi, kisha kurekebisha jambo moja kabla ya kuaga. Nasaha ndefu waachie wengine.

## Vitu vya kubeba

Panga mkoba usiku wa kuamkia safari. Kikikosekana kitu kimoja kati ya hivi, hatua fulani huko mbele itakwama.

- Daftari lenye mistari, kalamu ya wino na kalamu ya maka isiyofutika kwa maji.
- Bahasha tupu za dawa 20 hivi.
- Sahani ndogo safi na kijiko cha plastiki cha kuhesabia vidonge. Usihesabu kwa kiganja: jasho linaharibu vidonge, na mgonjwa anakuangalia.
- Mashine ya presha ya mkono wa juu yenye mikanda miwili, wa kawaida (sentimita 22 hadi 32) na mkubwa (32 hadi 42), pamoja na betri za akiba.
- Kipima sukari, stripu ambazo muda wake haujaisha, vichomeo vya kidole vya kutumia mara moja na pamba.
- Boksi la usalama la kutupia ncha kali.
- Kipimajoto kidogo cha chumba.
- Sirinji za mdomo za mililita 5, zisizo na sindano, kwa nyumba zenye watoto.
- Karatasi za rufaa, na fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).
- Namba ya simu ya mganga mfawidhi wa zahanati na ya dereva mmoja wa bodaboda anayejulikana.
- Sukari vijiko sita, imefungwa kwenye kimfuko. Utaona kazi yake hatua ya tano.

Usibebe dawa za kuuza. Kibali cha kuuza dawa ni cha jengo lililosajiliwa, hakitembei na mkoba. Tena, ukishaonekana muuzaji, mgonjwa ataficha dawa alizonunua kwa mwenzako. Sindano za kuchoma nazo ziache.

## Hatua ya 1: Pitia zahanati kwanza

Anza kwa mganga mfawidhi. Muombe orodha ya wagonjwa waliokosa kliniki mara mbili mfululizo, waliotoka kulazwa karibuni na wanaotumia dawa tano au zaidi. Hao ndio wa kuanza nao. Nakili dawa walizoandikiwa, tarehe waliyochukua na idadi waliyopewa. Bila idadi hiyo, hesabu ya hatua ya tatu haitawezekana.

Kisha mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji husika, na mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji. Mgeni mwenye mkoba asiyetambulishwa huzua maneno. Ila mwenyekiti aambiwe tu kwamba unatembelea wagonjwa, asiambiwe nani anaumwa nini. Kwa mgonjwa wa VVU au TB usifike na fulana yenye maandishi wala gari lenye nembo. Hilo peke yake limewafanya watu wahame kliniki.

Panga siku kwa kalenda ya kijiji. Msimu wa kulima na wa kuvuna watu wanahamia mashambani, utakuta kuku na watoto. Siku ya gulio nayo usijaribu. Asubuhi na mapema ndiyo bora, kabla mgonjwa hajameza dozi ya siku: hesabu inakuwa safi, na sukari unaipima hajala. Nyumba tano au sita kwa siku zinatosha. Ukipanga kumi, za mwisho utarudi kwenye “Dawa unameza?”

Umefanikiwa ukiwa na: orodha ya majina yasiyozidi sita, kila jina likiwa na dawa, tarehe na idadi, na mgonjwa mwenyewe ameshapewa habari kwamba unakuja.

## Hatua ya 2: Kuingia na kuomba ruhusa

Piga hodi, salimia kwa adabu ya pale, kaa unapoonyeshwa. Ukipewa kigoda, kaa kwenye kigoda; ukibaki umesimama na daftari mkononi unakuwa mkaguzi.

Omba ruhusa kwa maneno mepesi: “Shikamoo bibi. Nimetoka zahanati, nimekuja tuangalie dawa zako pamoja. Nitaziona, nitazihesabu, nitapima presha. Tukiwa na mtu mwingine hapa ni sawa, au tukae wawili?” Swali hilo la mwisho usiliruke. Wapo wanaume wasiotaka mke ajue kwamba dawa ya presha imewapunguzia nguvu, na wapo wake wanaomeza ARV bila mume kujua. Akisema tukae wawili, nendeni mkakae chini ya mwembe.

Taarifa za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usimpige picha yeye wala dawa zake ukazituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama kundi lenyewe ni la wataalamu watupu.

## Hatua ya 3: Dawa zote mkekani

Hapa ndipo ziara nyingi huharibika, kwa hiyo chukua muda. Usiseme “nionyeshe dawa zako za presha.” Ukitaja ugonjwa mmoja utaletewa bahasha moja. Sema hivi:

“Bibi, naomba tuzitoe dawa zote zilizomo humu ndani. Za hospitali, za dukani, za majani, za kuchua, hata zilizobaki za mjukuu.”

Halafu taja mahali, maana mtu hukumbuka mahali haraka kuliko jina la dawa: chini ya mto, juu ya kabati, dirishani, kwenye pochi, kwenye mfuko uliotundikwa darini, jikoni. Mara nyingi mfuko wa tatu ndio wenye habari. Ndani yake utakuta vidonge vyekundu na vyeupe vimechanganyika kwenye bahasha moja ya khaki, maandishi yamefutika kwa jasho, imebaki “1x” na doa la mafuta.

Tandaza kila kitu, kisha tengeneza mafungu manne:

1. Zilizoandikwa na zinazomezwa.
2. Zilizoandikwa ila hazimezwi.
3. Zisizoandikwa ila zinamezwa, yaani za dukani, za jirani na za asili.
4. Zilizoisha muda, zilizobadilika rangi au zisizojulikana.

Soma jina la dawa yenyewe, siyo jina la biashara lililochapwa kwa herufi kubwa. Amlodipini ya hospitali na amlodipini ya dukani zinaweza kuwa na maboksi yasiyofanana hata kidogo, na mgonjwa anameza zote mbili akidhani moja ni ya presha na nyingine ni ya moyo. Parasetamoli nayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua na za maumivu. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, tukihesabu na ile iliyojificha humo.

### Namna ya kuhesabu

Mfano: mgonjwa alipewa metformini (dawa ya kisukari) vidonge 60, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Alianza tarehe 1 Juni asubuhi. Unafika tarehe 21 Juni asubuhi kabla hajameza. Siku 20 mara 2 ni vidonge 40, kwa hiyo vibaki 20. Unakuta 34. Ametumia 26 badala ya 40, sawa na asilimia 65.

Usiishie kwenye asilimia. Tazama 26 kwa siku 20: ni kidonge kimoja kwa siku na kidogo zaidi. Dozi ya jioni ndiyo inayoanguka. Sasa unalo swali la maana: “Jioni huwa mnakula saa ngapi?” Pengine hakuna chakula cha jioni, naye aliambiwa asimeze bila kula. Huyo hajasahau, ametii sharti moja akavunja jingine.

Kwa dawa za presha na kisukari, chini ya asilimia 80 ni tatizo la kushughulikia leo. Ikizidi 100, ama anameza kupita kiasi, ama vidonge vinagawanywa. Kugawana ni jambo la kawaida mno: mume na mke wote wana presha, zahanati ina dawa ya mmoja.

Tahadhari: hesabu inaweza kukudanganya. Salio la mwezi uliopita huchanganywa na dawa mpya, na mgonjwa anayekuogopa humwaga vidonge shimoni usiku wa kuamkia ziara. Ukikuta hesabu imetimia kabisa lakini presha ni 190, amini mashine ya presha. Na usimkaripie mtu mbele ya sahani ya vidonge. Ukimkaripia, mwezi ujao mfuko wa tatu hautauona.

Umefanikiwa ukiwa na: mafungu manne mkekani, na kila dawa ina mstari wake daftarini: jina, nguvu, idadi iliyobaki, na mgonjwa anaimezaje kwa maneno yake mwenyewe.

## Hatua ya 4: Muulize anamezaje, kisha andika upya

Mpe bahasha mkononi umwombe akuonyeshe anavyomeza. Hapo utakutana na makosa mawili yasiyoisha.

La kwanza ni “1x2”. Sisi tunasoma kimoja mara mbili kwa siku. Wapo wanaosoma viwili kwa mkupuo, na wapo wanaosoma kimoja kila baada ya siku mbili. “1x3” ina balaa hilohilo.

La pili ni saa. Bahasha imeandikwa “8:00”, aliyeandika akimaanisha saa mbili asubuhi. Bibi anasoma saa nane, anameza mchana. Mjukuu anatega kengele ya simu saa 8 kwa hesabu ya Kiswahili, simu inaita usiku wa manane au mchana. Andika saa kwa maneno ukiiunganisha na jambo la nyumbani: “kimoja asubuhi baada ya uji, kimoja jioni baada ya ugali.” Asiyesoma mchoree jua kwa asubuhi na mwezi kwa usiku, na pembeni miduara kwa idadi ya vidonge. Mwambie arudie kwa maneno yake. Akikwama, mchoro ndio mbaya, chora mwingine.

Kwenye bahasha mpya andika vitu vitano kwa kalamu ya maka: jina la dawa na nguvu yake, ni ya nini (“presha”, “sukari”), kiasi, wakati na tarehe ya kwisha muda. Kwa mgonjwa wa VVU au TB acha kuandika ugonjwa. Vidonge vilivyo kwenye karatasi ya kiwandani viache humohumo, na ukikata karatasi usikate sehemu yenye tarehe na namba ya toleo.

Dawa hizi zina wakati wake, na sababu yake mgonjwa aijue:

- Haidroklorothiazidi, bendrofluazidi na furosemidi (dawa za kukojoza): asubuhi. Zikimezwa usiku zinamwamsha kwenda choo cha nje gizani. Mzee akianguka mara moja tu, dawa inaachwa milele.
- Metformini: pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, ili tumbo lisivuruge. Kuharisha wiki za mwanzo kunatokea na kwa wengi hupungua.
- Glibenklamidi (dawa ya kushusha sukari): kabla tu ya kula au na chakula. Siku ambayo hakuna chakula, haimezwi. Hili rudia mara mbili, maana linaua.
- Dolutegraviri (dawa ya VVU): itenganishwe na dawa za kiungulia, vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu. Imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Wajawazito wengi wanavyo vidonge vya chuma na hakuna aliyewaambia.

Dozi iliyosahauliwa haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Na wanaofunga Ramadhani wakiwa na kisukari warudi kwa daktari kabla mwezi haujaandama, hasa wa glibenklamidi na insulini. Kuhamishia tu dozi ya asubuhi kwenye daku ni hatari: inafanya kazi mchana wakati tumbo ni tupu.

## Hatua ya 5: Pima presha na sukari

Presha haipimwi mtu akitoka kisimani na ndoo kichwani. Aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umelala usawa wa moyo. Nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkanda ukae kwenye ngozi, siyo juu ya kitenge. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha kipimo kwa uongo, ndiyo maana umebeba miwili. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, msizungumze wakati inapima, andika vyote viwili.

Kuanzia 140/90 presha haijadhibitiwa. Ikifika 180/120, mpumzishe urudie. Ikibaki hapo na ana kichwa kikali, maumivu ya kifua, macho kufifia, kukosa pumzi au upande mmoja umelegea, hiyo ni rufaa sasa hivi. Ikibaki hapo bila dalili, mpigie mganga mfawidhi aonwe leo au kesho. Usimwekee nifedipini (dawa ya kushusha presha) chini ya ulimi. Presha ikiporomoka ghafla ubongo unakosa damu, na kiharusi ulichokuwa unakikimbia umekileta wewe.

Kwa sukari, mgonjwa anawe mikono kwa maji na sabuni, akauke kabisa. Kidole kilichomenya embe kitakupa sukari ya embe. Kopo la stripu lifunikwe papo hapo. Unyevu wa pwani unaziharibu, na stripu mbovu haitoi onyo, inatoa namba.

Chini ya 4.0 mmol/L ni sukari ya kushuka. Kama ana fahamu na anameza, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, anywe, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda, kisha ale. Ndiyo kazi ya kile kimfuko. Asiye na fahamu usimtie kitu cha kunywa mdomoni: mlaze ubavu, mwite bodaboda. Mgonjwa wa glibenklamidi aliyeshuka apelekwe kituoni hata akizinduka, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Kipima sukari kikiandika “HI” (sukari imepita kiwango kinachoweza kusomeka), au namba imepita 20 na mgonjwa anatapika, anapumua kwa nguvu au amelegea, usibaki kubishana na chakula chake. Apelekwe.

## Hatua ya 6: Tafuta dawa inayoleta shida

Rudi kwenye mafungu, hasa la tatu. Malalamiko mengi yanayotibiwa vijijini kama magonjwa mapya ni kazi ya dawa za zamani. Haya ndiyo ya kuwinda:

Kikohozi kikavu kisichoisha. Kama anameza enalapirili au kaptopirili (dawa za presha), huenda chanzo ni hicho. Utakuta chupa tatu za dawa ya kikohozi na amoksilini nusu dozi, amezunguka maduka miezi minne. Mwandikie mganga abadilishiwe. Lakini kikohozi cha wiki mbili na zaidi kinapimwa TB vilevile. Usikae na jibu moja.

Miguu kuvimba. Amlodipini hufanya hivyo, hasa dozi ya miligramu 10. Mara nyingi mtu huongezewa furosemidi ya kupunguza maji, mguu haupungui, na sasa ana dawa mbili badala ya moja.

Presha iliyogoma. Tafuta diklofenaki, dawa ya maumivu. Mkulima anayeumwa kiuno huimeza kila siku jembe likiwa zito, na dawa hiyo hupandisha presha. Ikikutana na enalapirili au losatani (nayo ya presha) pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinabeba mzigo wa dawa tatu kwa mpigo. Mweleze atumie parasetamoli, na kiuno kionwe. Tafuta pia deksamethasoni na prednisoloni zinazomezwa kama dawa za kunenepa. Hizo hupandisha presha na sukari, na aliyezimeza kwa wiki nyingi hazikatwi ghafla bila daktari.

Mwarobaini, mlonge na dawa nyingine za asili. Usizidharau wala usizicheke. Uliza anatumia kiasi gani na tangu lini, andika. Zinaweza kusaidiana na dawa ya kisukari kushusha sukari kupita kiasi.

Mwanamke anayeweza kushika mimba akiwa kwenye enalapirili, kaptopirili au losatani. Uliza kwa staha hedhi ya mwisho. Dawa hizi hudhuru kichanga tumboni, na asipelekwe kubadilishiwa mwezi ujao, bali wiki hii.

TB na VVU pamoja. Rifampisini (dawa ya TB) hupunguza dolutegraviri mwilini, hivyo anatakiwa kupata miligramu 50 mara mbili kwa siku. Uliza kama anacho kidonge cha pili cha jioni. Rifampisini pia hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Mkojo wa rangi ya chungwa ni kawaida yake. Macho ya njano, kutapika na mkojo mweusi kama chai ya rangi si kawaida, huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Wewe humwachishi mgonjwa dawa aliyoandikiwa, wala humbadilishii dozi. Piga simu ukiwa palepale mkekani, msomee mganga ulichokiona, pokea jibu, liandike pamoja na saa. Ukishuku madhara ya dawa jaza fomu ya njano. Huhitaji uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, shaka inatosha.

## Hatua ya 7: Kagua mahali dawa zinapokaa

Dawa nyingi zinataka joto lisilozidi nyuzi 30. Weka kipimajoto pale zinapokaa mwanzoni mwa ziara, ukisome mwishoni. Mfuko uliotundikwa chini ya bati saa nane mchana unashangaza. Jikoni kuna moshi na mvuke, dirishani kuna jua, sakafuni kuna mtoto na mchwa. Mahali pazuri kwa kawaida ni chumba chenye kivuli, kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya ukuta wa udongo ambako mtoto hafiki.

Insulini inataka maelezo zaidi. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo akiba ibaki kwenye jokofu la zahanati, mgonjwa achukue chupa mojamoja. Usimshauri kuiweka kwenye friza la soda dukani: ikiganda hata mara moja imekwisha kazi, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Chupa inayotumika hukaa nje ya jokofu kama wiki 4. Andika tarehe ya kuifungua kwenye lebo.

Kama nyumba ni ya joto, tumia mitungi miwili. Mdogo uingie ndani ya mkubwa, katikati jaza mchanga, mwagia maji mchanga asubuhi na jioni. Insulini ifungwe kwenye mfuko mkavu usiopitisha maji, iwekwe mtungi wa ndani, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto, ndiyo maana mtungi hufanya vizuri Dodoma kuliko Kilwa, ambako hewa tayari imejaa unyevu. Utafiti uliofanywa na Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva, kwa vipimo vya joto vya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, ulionyesha insulini za kawaida zilibaki na nguvu kwa wiki 4 joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa hiyo kukosa jokofu si sababu ya kumnyima mtu insulini.

Angalia pia bomba la sindano. Insulini ya uniti 100 kwa mililita ivutwe kwa bomba la uniti 100. Bomba la uniti 40 likivutwa hadi alama ya 20 linabeba nusu mililita, yaani uniti 50. Hiyo ni dozi mara mbili na nusu.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ya sabuni ya maji, irudishwe zahanati ikijaa robo tatu. Fungu la nne nalo lirudi zahanati kwa maandishi. Zisitupwe chooni wala zisichomwe uani. Moshi wake unawafikia walewale unaowatibu.

Kwa watoto, dawa ya maji ya antibiotiki ikishachanganywa nyingi hudumu siku 7, soma lebo. Vijiko vya nyumbani havilingani, acha sirinji ya mililita 5 uliyoiwekea alama ya dozi.

## Hatua ya 8: Jambo moja, maandishi mawili, tarehe moja

Utakuwa umeona makosa sita. Rekebisha lile linaloweza kuua au kulaza kwanza, mengine yasubiri. Mgonjwa aliyepewa maagizo sita kwa saa moja hufuata sifuri.

Andika mara mbili. Kwenye daftari la mgonjwa, mstari mmoja anaouelewa yeye na anayemuuguza: “Glibenklamidi: siku usiyokula, usimeze.” Kwa mganga mfawidhi tuma ujumbe mfupi usiotaja jina, tumia namba ya faili:

“Faili 0–– . Presha 164/98 na 160/96. Amlodipini 10 anameza vizuri, hesabu 93%. Anatumia diklofenaki ya dukani kila siku, wiki 6, kiuno. Nimemshauri asitishe, atumie parasetamoli. Miguu imevimba. Naomba aonwe Jumatano, apimwe figo ikiwezekana. Nitarudi baada ya wiki 2.”

Ujumbe wenye namba, sababu, ombi na siku hujibiwa. Ule wa “mgonjwa hajambo kiasi ila presha iko juu” haujibiwi, na haustahili.

Rudi baada ya wiki 2 kwa aliyebadilishiwa dawa, baada ya mwezi kwa wengine. Ziara ya pili iwe ya dakika 15: hesabu vidonge, pima, uliza kuhusu jambo lile moja tu. Kama hesabu imepanda kutoka 65 hadi 85 na namba zinashuka, shika kosa la pili kwenye orodha yako. Kama hesabu imepanda lakini presha haijasogea, tatizo huenda ni dozi au dawa yenyewe, na hapo simu kwa mganga. Kama hesabu haijapanda, kagua upya sababu uliyoiandika mara ya kwanza. Inawezekana ulisikia jibu la adabu ukaliandika kama jibu la kweli. Kaa tena kwenye kigoda, omba mfuko wa tatu.